Sauti Isiyovuta Pumzi

Amplifaya ilikuwa imezimwa tangu jana, lakini Drateru alipoigusa asubuhi ile ilikuwa na joto kama paji la uso la mgonjwa.

Ilikuwa mwaka 1994. Drateru alikuwa akirekodi nyimbo katika chumba kimoja mtaani Awindiri. Kinanda chake cha umeme kilitoa sauti safi mno, baridi kama bati, ndipo akanunua mjini Koboko amplifaya kuukuu ya balbu za kioo na kukipitisha humo, mpaka sauti ikaanza kukwaruza na kupata joto. Kisha akapitisha humo pia kaseti pekee aliyokuwa nayo ya nyimbo za mkewe, Rosa Kiden, aliyefariki wakikimbilia Zaire wakati wa vita, wakamzika kando ya barabara.

Sasa, ndani ya amplifaya iliyozimwa, Rosa alikuwa akiimba maneno ambayo hayakuwamo kwenye kaseti.

Drateru hakuogopa. Alijifungia na sauti hiyo mchana kutwa, chumba kikinuka udongo uliochimbuliwa sasa hivi. Driwaru, mdogo wa Rosa, alipomletea chakula, alisimama akasikiliza, kisha akaweka bakuli chini.

“Shemeji,” alinong'ona, “huyu hapana Rosa. Sikia. Hapana vuta pumzi.”

Drateru akatega sikio, na kweli wimbo ulikwenda, ubeti juu ya ubeti, bila mahali pa kupumua, na kadiri ulivyokwenda ndivyo kifua chake kilivyobana, kana kwamba pumzi iliyokosekana ilikuwa ikichotwa kwake.

Walimwita Shehe Taban kutoka Koboko. Akaweka mkono juu ya amplifaya, akasoma dua. Wimbo ukakatika.

“Drateru,” sauti ikasema taratibu, “unaniacha tena barabarani?”

“Usimjibu,” shehe akasema chini chini. “Ukimjibu, atabaki.”

Drateru alijiziba mdomo kwa mikono miwili, na sauti ikamwita, ikalia, ikaomba maji kama Rosa alivyoomba siku ile ya mwisho, ikaomba tena na tena huku machozi yakimchuruzika vidoleni, mpaka balbu zikapasuka na chumba kikanyamaza.

Kaseti nayo ilikuwa tupu.

Jioni alikaa kizingitini na Driwaru.

“Dada yako alikuwa naimba namna gani? Mimi iko natafuta sauti yake kichwani, napata ya ule wa amplifaya tu.”

Driwaru akamwimbia, kwa sauti nyembamba, yenye kukatika. Drateru akatikisa kichwa.

“Hapana yeye,” alisema. “Lakini imba tu.”