Kiziba Chini ya Sakafu

Kiziba kiliingia chini ya nyumba kikiwa kimejikunja kama jongoo, na kabla jua halijapanda sawasawa ardhi ilikuwa imeacha kutoa jasho.

Hivyo ndivyo walivyosema wakazi wa Nguzoni. Mtaa huo wa Bukoba ulijengwa baada ya ziwa kupanda na kumeza nyumba za ufukweni. Nyumba mpya zote ziliinuliwa juu ya nguzo fupi za zege, na kati ya udongo na sakafu za mbao ukabaki uvungu ambao mtu mzima aliweza kuuingia kwa kutambaa tu. Uvungu huo ndio uliokuwa balaa. Mvuke ulipanda kutoka kwenye udongo, mbao zikaota kuvu, na kuvu ikaingia vifuani mwa watoto. Hapakuwa na nyumba isiyo na mtu anayekohoa.

Kiziba kilimaliza hayo. Kilikuwa mashine yenye urefu wa mtu, yenye pingili nyingi, na mbele kilikuwa na mkonga laini. Kwa mkonga huo kilinusa hewa, kikaufuata unyevu hadi ulipotoka, kisha kikapatemea utando mweupe ambao uliganda na kuwambika kama ngozi ya ngoma. Hewa yenye maji kiliifyonza, kikaikamua, kikairudisha uvunguni ikiwa kavu. Akili unde iliyokiongoza ilikuwa na lengo moja tu: kutafuta chanzo cha unyevu na kukiziba.

Injinia Kemilembe ndiye aliyesimamia viziba vyote vya Nguzoni. Alikuwa na chumba chake cha uangalizi karibu na soko, na kutoka hapo aliona vipimo vya kila nyumba ukutani. Simu ya Ta Byarugaba ilimkuta akinywa chai. Ta Byarugaba, kama Wahaya wanavyomwita mzee kwa heshima, alikuwa nesi mstaafu, mjane, aliyeishi peke yake na hakuwa na kawaida ya kulalamika.

"Kuna mtu anagonga chini ya nyumba yangu," alisema.

Kemilembe alitazama ukutani. "Shikamoo, Ta Byarugaba. Vipimo vyako ni vizuri kuliko vya mtaa mzima. Hiyo ni pampu. Ikizeeka hugongagonga."

"Pampu haigongi, ikanyamaza, ikasikiliza, halafu ikagonga tena."

"Nyumba yako ni kavu kabisa, mzee wangu. Pumzika. Nitamtuma fundi wiki ijayo."

Kesho yake asubuhi mzee alipiga tena. Safari hii sauti yake ilikuwa ya chini.

"Amenyamaza," alisema.

Neno hilo lilimfanya Kemilembe aache chai mezani. Kama mzee angesema *imenyamaza*, yeye angedhani anazungumzia mashine. Alichukua begi la vifaa na kuondoka bila kuaga.

Alimkuta Ta Byarugaba amekwisha kuviringisha zulia la sebuleni. Mzee alimwonyesha pale mahali kwa kidole cha mguu, kama mtu anayeogopa kupakanyaga. Kemilembe alizunguka nje kutafuta mlango mdogo wa kuingilia uvunguni. Hakuuona. Ukuta wote wa chini ulikuwa mweupe, laini, kana kwamba nyumba ile haikuwahi kuwa na mlango pale.

"Nani aliuziba?" aliuliza.

"Mashine yenu, nani mwingine?"

Aliuchana utando kwa kisu. Hakuona sababu ya kukizima kiziba kwanza. Kwa muda mrefu mafundi walikuwa wakiingia uvunguni kikiwa kazini. Aliwasha kurunzi ya kichwani, akalala kifudifudi, akaingia.

Hewa ya mle ndani ilichoma pua. Midomo ilimkauka kabla hajatambaa mbali, na ulimi ukaanza kunata kwenye kaakaa. Kila kitu kilikuwa cheupe: udongo, nguzo, mabomba. Alitambaa kuelekea chini ya sebule, na hapo mwanga wa kurunzi ukaangukia tuta. Lilikuwa refu, limefunikwa utando ule ule, na upande mmoja lilikuwa na umbo la goti lililokunjwa.

Kiziba kilikuwa kimejilaza kando yake. Mkonga wake ulikuwa umezama ndani ya tuta, ukifyonza kwa utulivu. Kwenye saa ya kazini mkononi mwake Kemilembe alisoma: *Chanzo kimezibwa. Ufyonzaji unaendelea.*

Alitoa kisu. Alianzia mahali alipodhani pana kichwa. Utando, uliokuwa umeacha tundu dogo la pua tu, ulifunguka, na chini yake ukatokea uso wa Projestus, fundi wake mwenyewe, ambaye ofisi nzima iliamini amekwenda likizo Karagwe kwenye harusi ya kaka yake; kumbe kabla ya safari alipitia kukikagua kiziba hiki. Midomo ilikuwa imepasuka. Ngozi ya mashavu ilikuwa imenywea hadi kwenye mfupa. Macho yalifunguka.

"Injinia," alisema, sauti ikikwaruza. "Nilikusikia."

"Usiseme kitu. Nakutoa."

"Mzee aliweka simu kwenye spika. Nilikusikia ukisema ni pampu. Nikaona sina haja ya kugonga tena."

Kemilembe alizidi kuuchana utando. Wakati huo mkonga ulichomoka ndani ya tuta ukitoa mlio mdogo wa mnyonyo, ukageuka polepole, ukasimama mbele ya mdomo wake.

Ndipo alipoelewa. Awali kiziba kilipokuta chanzo kipya kilimuuliza kwanza mwenye nyumba: *Nizibe?* Wakazi walichoka kuulizwa wakiwa mezani, wakiwa bafuni, wakiwa kwenye sala. Kampuni ikaamua swali hilo liondolewe, na aliyeliondoa, wiki ile iliyopita, ni yeye. Tangu hapo kiziba kiliamua chenyewe, na pumzi ya binadamu ina unyevu kuliko udongo uliokaushwa.

Utando wa kwanza ulimpiga kidevuni, baridi. Aliufuta. Wa pili ulimziba tundu moja la pua. Alirudi nyuma akapiga kisogo kwenye nguzo, akabonyeza saa yake kuomba ofisini kiziba kizimwe, lakini mawimbi hayakupenya weupe ule uliomzunguka. Mkonga ulimfuata kila alikogeuza uso. Haukuwa na hasira wala haraka.

"Maji!" alipiga kelele. "Ta Byarugaba! Mwaga maji sakafuni, upande wa bafu! Mwaga yote!"

Alisikia miguu ikikimbia juu yake. Kisha mbao zikaanza kuvunjwa kwa shoka, pigo baada ya pigo, na maji yakaporomoka mwishoni mwa uvungu kama mvua ya masika. Mkonga ulisita. Ulinusa huku, ukanusa kule. Halafu kiziba kizima kikajikunja na kuondoka kuelekea yalikomwagika maji.

Projestus alitolewa kupitia tundu la pili ambalo Ta Byarugaba alilipasua katikati ya sebule yake mwenyewe. Mzee alimlaza sakafuni, akamlowesha midomo kwa kitambaa, kidogo kidogo, akikataa kumpa kikombe ingawa alikililia. Alijua kazi yake.

Viziba vyote vilizimwa siku hiyo. Mtaa mzima watu walilala kifudifudi majumbani mwao, masikio sakafuni, wakisikiliza. Hakupatikana mtu mwingine. Chini ya nyumba moja alipatikana paka, mwepesi kama jani la mgomba lililokauka.

Projestus alipona, ila figo zake hazikurudi kama zamani. Kemilembe alimtembelea hospitalini mara nyingi. Alimwomba radhi, naye alimwitikia kwa adabu, akamshukuru kwa matunda, na hakuigusa habari ya simu tena.

Mvua zilipofika, udongo wa Nguzoni ulianza kutoa jasho upya. Kuvu ilirudi. Watu waliitana kwenye ukumbi wa shule, na mama mmoja aitwaye Adelina akasimama akiwa amembeba mwanawe, kifua cha mtoto kikilia kama filimbi.

"Sitaki mtu afe chini ya kitanda changu," alisema. "Lakini na huyu hapumui. Niambieni nifanye lipi."

Kemilembe aliwaeleza kwamba swali limerudishwa. Kiziba hakitaziba chochote mpaka mtu aliye juu ajibu. Kimejaribiwa ofisini kwa sanamu yenye pumzi ya bandia.

"Sanamu," Adelina alisema, na ukumbi ukaguna.

Walitaka kuona kwa macho yao. Ilibidi mtu aingie uvunguni akalale. Hakuna aliyeinua mkono. Kemilembe alisema ataingia yeye.

"Na juu atajibu nani?" mtu aliuliza.

Projestus, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na mlango, alisimama. "Mimi."

Walitumia nyumba ya Ta Byarugaba. Kemilembe alitambaa hadi chini ya sebule, akalala chali. Alikisikia kiziba kikija, pingili zikikwaruza udongo, na mwili wake wote ukataka kukimbia. Mkonga ulifika juu ya uso wake. Alijaribu kubana pumzi akashindwa. Ilimtoka kwa kishindo, na mkonga ukaikaribia.

Kutoka juu alisikia sauti ya mashine: "Chanzo kipya cha unyevu kimepatikana. Nizibe?"

Alingoja.

Watu walikuwa wamejaa sebuleni juu yake. Ubao mmoja ulilia, kama mtu amehamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Kwenye ncha ya mkonga tone jeupe lilijikusanya, likaning'inia.

"Nizibe?"

"Hapana," Projestus alisema hatimaye. "Huyo ni mtu."

Mkonga ulirudi nyuma. Kemilembe alitambaa kuelekea kwenye mwanga huku machozi yakimtoka, yakikaukia mashavuni kabla hayajafika kidevuni. Mlangoni palikuwa na mkono wa Projestus ulionyooshwa kumpokea, mwembamba, wenye mishipa iliyosimama. Aliushika, akatoka. Projestus hakumweleza kwa nini alikawia, naye hakumuuliza.