Jalada la Kabula

Kabati halikuvunjwa. Lilifunguliwa kwa ufunguo, likafungwa tena kwa adabu, na ndani likakosekana jalada moja tu: la Kabula, mtoto wa miaka minne.

Inspekta Chenge hakupenda wizi wenye adabu. Alama za vidole zilikuwepo tele, zote za wafanyakazi wanaolishika kabati hilo kila siku. Hazikumsaidia kitu.

Nje ya ofisi ya makao ya watoto, pale Igogo, Bibi Sabina alikuwa ameketi kwenye benchi tangu asubuhi. Alivuka na kivuko cha kwanza kutoka Sengerema. Miaka mitatu alimtafuta mjukuu wake, na sasa amri ya mahakama ya kumkabidhi imo ndani ya jalada lililoibwa. Mapajani alishika gauni la mtoto wa mwaka mmoja. Ndiyo saizi aliyomjua nayo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wamelipata jalada?"

Chenge akarudi ndani kwa Elias, mkuu wa makao.

"Ufunguo hukaa wapi?"

"Unatundikwa ukutani, afande. Walezi wote wanaujua."

"Jaladani mlikuwa na nini?"

"Amri ya mahakama, picha, ripoti. Na kadi ya kliniki. Mtoto ana selimundu, ule ugonjwa wa damu, kesho anatakiwa hospitali."

"Nionyeshe dawa zake."

Kwenye chumba cha dawa, juu ya boksi la Kabula, kadi ya kliniki ilikuwa imelazwa vizuri. Elias akatoa macho.

"Jana jioni niliirudisha jaladani mwenyewe."

"Basi mwizi wako hataki mtoto aondoke, ila hataki pia akose kliniki. Nani humpeleka?"

"Dorcas, mlezi wake."

Walimkuta uani, mwanamke wa makamo, Kabula akiwa katikati ya magoti yake. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimesukwa nusu.

"Jalada liko wapi, mama?"

Dorcas hakuacha kusuka. "Chini ya godoro langu."

"Kwa nini?"

"Muulize mkuu ratiba inasemaje. Mlezi habaki na watoto walewale zaidi ya miezi sita, asije akashindwa kuwaachia. Mimi nina miaka mitatu na huyu. Niliomba kuhamishwa mara tatu."

"Hakuna mwingine aliyeweza kumtuliza," Elias alisema taratibu. "Maumivu yakimshika, alikutaka wewe tu. Ningefanyaje?"

"Ungenihamisha nikiwa bado naweza kuondoka."

Mkuu akainamisha kichwa. Msema kweli hakosi wa kumuumiza, na siku hiyo zamu ya kuumia ilikuwa yake.

Bibi Sabina alikuwa amewafuata kimyakimya. Alimtazama mtoto, akalitazama gauni, akalikunja. Dorcas aliliona. Ndipo vidole vyake viliposimama, na machozi yakamtoka. Hakuyafuta.

"Sikujua kama na wewe ulimngoja hivyo, mama," alisema. "Nilidhani mwenye kumpenda ni mimi tu."

Bibi akaketi chini karibu naye. "Akishikwa na maumivu huwa unamfanyaje?"

"Maji mengi kwanza. Halafu namkanda miguu. Hulalia mkono wangu wa kushoto."

"Nionyeshe, mwanangu. Sitavuka leo."

Chenge alikohoa. Jalada limepatikana, mkosaji amekiri, na sheria ni sheria.

"Afande," Dorcas aliuliza, "kliniki ni kesho saa mbili asubuhi. Kituoni naripoti saa ngapi?"

Chenge alifungua daftari lake, akaandika.

"Kesho saa nane," alisema. "Mchana."