Nilimwambia Mama Mkwe Hawatampasua

Nina miaka thelathini na nane, ni mama wa watoto wawili, mkubwa ni Joella, na ninaishi Mount Druitt, magharibi ya Sydney. Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Ninawaogesha, ninawalisha, ninawabadilisha nepi, wala sioni haya hata kidogo. Hilo mlikumbuke, wasomaji wenzangu, maana ndilo linalonichoma mpaka leo... Mimi nisiyeona haya kwa wazee wa watu, niliona haya kwa mzee wa nyumbani kwangu, na nusura nimuue!

Sisi ni Warundi. Mimi na mume wangu tulikulia kambi ya wakimbizi Kigoma, tukaletwa Australia tukiwa vijana. Mama mkwe alifuata miaka michache baadaye. Kirundi chetu sisi ni cha kuungaunga, kwa hiyo nyumbani tunaongea naye Kiswahili cha kambini. Kiingereza chake kilikuwa "thank you" na "no sugar", basi.

Nilimheshimu sana. Sikuwahi kuingia chumbani kwake bila kubisha hodi. Nguo zake za ndani alizifua mwenyewe na kuzianika huko huko chumbani, ili mimi nisizione. Neno kama choo halikupita kati yetu hata siku moja. Watu kanisani walinisifu kwamba ninajua kukaa na mkwe, nami nikavimba kichwa.

Mwaka 2014 akaanza kuumwa tumbo, upande wa kulia chini ya mbavu, hasa akila vyakula vya mafuta. Akapimwa, akakutwa na vijiwe kwenye mfuko wa nyongo. Tukaambiwa mfuko wenyewe lazima utolewe.

Siku ya kumwona daktari wa upasuaji nilimpeleka mimi. Daktari alikuwa mwanamke mtaratibu, wa makamo. Kabla ya lolote akauliza kama tunataka mkalimani. Ni bure, akasema, angempigia simu pale pale na tungemsikia sote.

Nikakataa. Mkalimani wa nini, na mimi nipo? Mimi ninayeshinda na manesi kila siku! Halafu kulikuwa na jambo jingine... Warundi wa Sydney tunajuana. Je, sauti ya kwenye simu ikiwa ya mtu tunayesali naye? Tumbo la mama mkwe wangu lizungumzwe Jumapili baada ya ibada? Mama mwenyewe alisema tu kwamba kama ninaweza, ni sawa.

Daktari akachora picha kwenye karatasi. Alisema atatoboa matundu manne madogo, ataingiza kamera kwenye tundu moja na vifaa kwenye mengine, na tumbo litajazwa gesi ili apate nafasi ya kuona. Kwa sababu ya gesi hiyo, bega linaweza kuuma siku mbili tatu. Wengi hurudi nyumbani kesho yake.

Lakini hakuishia hapo. Alisema wakati mwingine matundu hayatoshi, inabidi tumbo lifunguliwe. Alisema mara chache mrija wa nyongo hujeruhiwa, nyongo ikavuja tumboni. Alisema tukiona homa, maumivu yanayozidi, macho ya njano, mkojo mweusi au choo cheupe, tusisubiri, turudi mara moja.

Mama alisikiliza Kiingereza chote kile. Kisha akaniuliza swali moja tu.

"Watanipasua?"

Nilijua swali hilo linatoka wapi. Dada yake alipasuliwa tumbo kambini, hakuamka. Mama ndiye aliyemvisha nguo za kuzikwa. Ningemwambiaje kwamba huenda na yeye akafunguliwa? Angekataa, na vijiwe vingemmaliza. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya.

"Hawakupasui, Mama," nikasema. "Ni vitundu tu."

Daktari akanitazama. Yeye alikuwa amesema kwa dakika kumi, mimi nimetafsiri kwa pumzi moja! Akaniuliza kama nimemwambia yote. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha kazini kwamba ndiyo, yote. Mama akachukua kalamu na kuandika jina lake kwenye fomu ya kukubali upasuaji, polepole, herufi moja moja, kama alivyofundishwa kwenye darasa la Kiingereza.

Upasuaji ukafanyika, na siku hiyo hatukuona tatizo. Kesho yake, Jumanne, nesi akaja na maswali yake kabla ya kumruhusu. Je, ametoa hewa? Amekojoa? Mkojo una rangi gani?

Jamani... nimuulize mama mkwe wangu kama amejamba? Ulimi ulikataa. Nikamgeukia Mama nikamuuliza ameamkaje. Akasema ameamka salama. Nikamwambia nesi kila kitu ni kizuri. Karatasi ya maelekezo nikaikunja, nikaitia kwenye mkoba, na haikutoka humo.

Jumatano bega likamuuma. Nikamwambia ni gesi, daktari alisema, na hilo lilikuwa kweli. Alhamisi akaacha kula. Nikasema ni gesi. Ijumaa tumbo likavimba, akawa analala amejikunja. Nikasema gesi bado haijaisha! Mume wangu, kabla ya kwenda kwenye ghala anakofanya kazi St Marys, alitaka tumrudishe hospitali. Nikamwambia mambo haya mimi nayajua, aniachie. Mama naye akaacha kunieleza anavyojisikia. Mimi nikadhani amepata nafuu.

Jumamosi mchana akaja dada Wambui, nesi Mkenya wa Quakers Hill tunayesali naye, amebeba chupa ya uji. Aliingia anacheka. Akamkuta Mama amekaa karibu na dirisha, akamwinamia kumsalimia, na kicheko kikakatika. Akaniomba nikapike chai.

Nilijua ananiondoa. Nilisimama jikoni na birika mkononi, masikio yote sebuleni.

"Mama, niambie tu kama nesi. Mkojo wako uko na rangi gani?"

Nikasikia Mama akivuta pumzi.

"Kama chai ya rangi. Tangu Jumatano. Na choo kimekuwa cheupe."

Wambui akamuuliza mbona hakusema.

"Ningemwambia nani? Huyu ni mke wa mwanangu."

Mtu alikuwa anakufa ndani ya nyumba yangu kwa heshima! Yeye ananionea haya, mimi namwonea haya, na katikati yetu nyongo inavuja...

Wambui akaja jikoni, uso umebadilika. "Mama Joella, piga triple zero sahi, ambulensi ije. Usingoje mzee wako arudi kazini. Macho yake ni yellow, hamkuona?"

Hatukuona. Mimi nilikuwa siku zote nazungumza naye nikiwa nimeinamisha macho, kama mkwe mwema.

Hospitali walimpima haraka. Mrija ulikuwa umejeruhiwa, tumbo limejaa nyongo, homa imepanda. Ilibidi afunguliwe siku hiyo hiyo. Safari hii daktari hakuniuliza kama tunataka mkalimani. Aliweka simu juu ya kitanda, sauti ya mwanamke nisiyemjua kabisa ikatoka, kwa Kiswahili safi.

Daktari akasema, na sauti ikafuata neno kwa neno, kwamba kama Mama alivyoelezwa kabla ya upasuaji wa kwanza, mrija unaweza kujeruhiwa, na tumbo likalazimika kufunguliwa.

Mama akanyanyua mkono wake uliochomekwa dripu.

"Mwambie daktari, hayo sikuelezwa."

Sauti ikayageuza maneno hayo kuwa Kiingereza. Daktari akageuka. Nesi akageuka. Hakuna aliyenigombeza. Afadhali wangenigombeza! Daktari akavuta kiti, akamweleza Mama yote upya, yeye mwenyewe, taratibu. Mama akauliza akikataa itakuwaje. Akaambiwa ukweli, kwamba anaweza kufa. Akafikiri kidogo, akaomba kalamu.

Walipoanza kumsukuma akanitazama usoni. "Uliniambia hawanipasui," akasema. Hakusema kwa hasira. Akapelekwa.

Mume wangu akafika na kizibao chake cha rangi ya chungwa na viatu vya kazini. Nikamwambia yote, sikuficha kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akaenda kukaa kiti cha mwisho kabisa, akaniacha peke yangu. Tulisubiri kwa muda wa saa sita tukiwa hivyo. Nililia, nikasali, nikaona kila nesi anayepita ndiye anayeleta habari ya msiba...

Mama alipona, ashukuriwe Mungu. Lakini alikaa hospitali wiki nyingi akiwa na mirija ubavuni, na ana kovu refu chini ya mbavu ambalo ningelichukua mimi kama ingewezekana. Aliporudi nyumbani nilipiga magoti mbele yake. Akaniinua.

"Nimekusamehe, mwanangu," akasema. "Ila mambo ya mwili wangu hayapiti tena kwako."

Wasomaji wenzangu, sisemi muogope upasuaji wa matundu. Dada mmoja wa kanisani alifanyiwa huo huo, baada ya wiki mbili alikuwa anacheza harusini! Ninachosema ni kwamba matundu madogo si jambo dogo. Ulizeni ikishindikana itakuwaje. Ulizeni dalili za hatari, mziandike, mzibandike kwenye friji, msizikunje kwenye mkoba kama mimi. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, msiseme ni gesi, rudini! Na mkalimani msimkatae. Kazi yake inamfunga asitoe siri. Usimfanye mwanao, wala mkeo, wala mkwe wako awe mdomo wako mbele ya daktari. Atakuficha, na atakuficha kwa sababu anakupenda.

Miezi michache baadaye nilimpeleka Mama kuangaliwa kovu. Mlangoni akachukua mkoba wake mkononi mwangu, akaniambia nisubiri nje. Nikakaa kwenye korido. Mlango haukufungwa vizuri, nikasikia ile sauti ya kwenye simu ikimuuliza mambo ya choo, moja kwa moja, bila kuzungukazunguka.

Mama akajibu yote. Halafu akacheka... kicheko kirefu ambacho miaka yote tuliyoishi pamoja sikuwahi kukisikia.