Nani Kainua Kiti cha Choo

Ilianza na kiti cha choo. Irmtraud alikikuta kimeinuliwa, na nyumbani kwa akina Häberle, kama nyumba zote za heshima mtaani kwetu, wanaume hukojoa wamekaa.

"Gottlob, siku hizi umeanza kusimama?"

"Nisimame na nguvu gani?" akajibu mumewe, macho kwenye dengu zake. "Tangu wanitoe tezi dume natonatona kama bomba bovu. Si unanifulia mwenyewe?"

Wakacheka. Kabla kicheko hakijaisha, wakasikia chooni mtu anakojoa, mkojo wa kijana, wa nguvu, unaopiga maji kwa kishindo. Nyumba nzima ilikuwa na watu wawili, na wote walikuwa mezani. Gottlob akaenda akafungua mlango. Hakuna mtu. Kiti kiko juu, na harufu ya beberu imejaa.

Wiki hiyohiyo kipimo cha damu cha Gottlob kikapanda. Saratani iliyokatwa pamoja na tezi ilikuwa imerudi, ila picha za kawaida hazikuonyesha ilikojificha, na pasipojulikana hapachomwi mionzi. Wakapelekwa mjini kwenye mashine mpya. Unadungwa dawa, dawa inaisaka saratani popote ilipo, inaigandia, kisha inang'aa kwenye picha.

"Wakimwona tu, wamchome," Irmtraud akanong'ona garini.

"Wamwone nani?"



Kabla ya picha Gottlob aliambiwa aende akamalize mkojo. Irmtraud akasimama nje ya mlango na mkoba wake, akamsikia mumewe akitonatona, tone, kimya, tone, halafu juu ya matone hayo akausikia ule mwingine, mnene, usiokata pumzi, na harufu ya beberu ikapenya chini ya mlango ikamzunguka miguuni, na mumewe akasema kwa sauti ndogo ambayo hajawahi kuisikia miaka yote ya ndoa yao, "Irmtraud, humu kuna mtu. Amenishika bega."

Picha ikatoka. Uso wa Gottlob ulikuwa giza, macho na mdomo vikiwaka.

"Hiyo ni kawaida," akasema daktari, mama mchangamfu. "Tezi za machozi na za mate hung'aa kwa kila mtu. Tazameni huku chini." Kwenye nyonga kulikuwa na vitone viwili, sambamba. "Ndiyo saratani yenyewe. Bado ndogo, Bwana Häberle. Tutaichoma."

Daktari aliona vitone. Irmtraud aliona macho mawili yakimtazama kutoka nyongani.

Majira yote yale ya baridi wakamchoma kwa mionzi. Kiti kikatulia, harufu ikaisha, Gottlob akarudi kuimba kwaya. Maua yalipochanua wakaitwa kwa picha ya pili.

"Kimoja kimezimika kabisa," daktari akasema. "Kimebaki kimoja tu. Si haba, jamani."

Gottlob akambana mkewe mkono kwa furaha. Irmtraud hakumbana. Ujanani alikuwa mzuri huyu, kwenye sherehe za bia walimkonyeza hata waume za watu, na kukonyezwa anakujua: jicho moja limefumbwa, moja linakutazama. Tena koridoni, nyuma ya mlango wa choo uliofungwa kwa ubovu, kulikuwa na mtu anakojoa, bila haraka, kama aliyefika kwake.