Daraja la Bibi Batuli

Kila alasiri, akitoka shule, Biubwa hupitia karakana ya shangazi yake Mwanvita, pale mjini Bagamoyo, kumsaidia kazi. Siku ile, kumi la mwisho la Ramadhani, alifika hoi. Saumu ilikuwa imemkamata kwelikweli, na mawazo yake yote yalikuwa kwenye uji wa futari.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Tumalize daraja la bibi yako, tukafuturu."

Tangu miguu imshinde, Bibi Batuli hakuwa ametoka nje. Kiti chake cha magurudumu hakikuweza kushuka ngazi za baraza. Shangazi alikuwa akiunganisha mabamba mawili ya aluminiamu yawe njia ya kuteremkia, maana bibi alishaapa: "Idi hii naswali uwanjani na wenzangu. Na kubebwa mgongoni sitaki!"

Mashine yake ya kuunganishia haiyeyushi aluminiamu. Pini yake ngumu huzunguka kwa kasi katikati ya mabamba, ikiyasugua mpaka yalainike na kukorogeka yakawa kitu kimoja. Kazi ya Biubwa ilikuwa kuzungusha taratibu mkono wa meza ya mashine, unaoyasogeza mabamba kwenye pini, ili pini ikoroge hadi chini. Mwishoni shangazi hukata ncha ya ungio, pale mabamba yalipoungana, na kuipinda kwenye jiliwa, chuma cha kubania. Isipopasuka, kazi ni nzima.

Mteja akabisha hodi. Shangazi alipogeuka tu, Biubwa akauzungusha mkono mbiombio mpaka mwisho. Ah, nani atajua? Kwa juu ungio lilitoka laini, linang'aa.

"Mashallah! Ulikwenda taratibu?" shangazi aliuliza aliporudi.

"Ndiyo, shangazi."

"Basi leo sipindi ncha. Nimechoka mno, na wewe nakuamini."

Njia nzima Biubwa alibeba upande wake wa daraja akilirudia neno hilo moyoni. Walipoliweka daraja barazani, bibi hakutaka kungoja hata adhana.

"Nisukumeni nijaribu!"

Magurudumu ya mbele yaligusa bamba. Biubwa akakishika kiti kwa nguvu zote.

"Usishuke, bibi! Nimedanganya! Nilikimbiza mashine!" Akaangua kilio.

Kesho yake shangazi alikata ncha, akaipinda. Ikafunguka upande wa chini, kwa kuwa huko mabamba hayakuwa yameshikana kabisa.

"Na mimi nimekosa kwa kutoipinda jana," alisema kwa sauti ya uchovu. "Lakini kuchoka si kosa, Biubwa. Ungeniambia umechoka, tungezima mashine tukapumzika. Ukinificha, anayeanguka ni bibi yako."

Wakalikata daraja likawa mabamba mawili tena, wakaliunganisha upya. Biubwa alizungusha polepole, mkono ukimuuma, wala hakuinua macho. Ncha ya safari hii ilipindwa hadi ikakunjika, na haikupasuka.

Asubuhi ya Idi, Bibi Batuli, amejifukiza udi, alisukumwa na kiti chake hadi ukingoni mwa baraza. Akamtazama mjukuu wake.

"Salama?"

"Salama, bibi. Tumepinda ncha, nimeona kwa macho yangu."

"Basi nishushe wewe," akasema bibi.