Vidonge Vyeupe Kwenye Nguo za Mfaume

Asubuhi za Kiwalani zina kelele. Ndege zinapita chini chini juu ya mabati, na mafundi wanaanza kugonga vyuma. Lakini chumbani kwa Najat palikuwa kimya. Alikuwa kitandani na mtoto wake mchanga, ambaye hata wiki alikuwa hajafikisha. Mtoto aliitwa Mfaume, jina la marehemu babu yake.

Mama mkwe wake, Bi Mwamvita, ndiye aliyemwogesha mtoto. Alimlaza mapajani, akampaka mafuta ya nazi mwili mzima, akamkanda miguu na mikono.

"Mume wangu leo kanisusia," alitania. "Jana kanikojolea, leo hata kunitazama hataki!"

Najat alicheka kidogo.

Bi Mwamvita akafungua sanduku la bati. Harufu kali ikajaa chumbani. Ndani mlikuwa na nguo za kichanga zilizokunjwa vizuri. Katikati yake alikuwa ameweka vidonge vyeupe vya naftalini, vile vya kufukuza mende. Nguo hizo zilikuwa za ukoo. Watoto wa mawifi zake Najat walizivaa. Kisha akazivaa Jabiri, mtoto wa kwanza wa Najat.

Jabiri hakuishi. Alibadilika rangi, akawa wa manjano, akaacha kunyonya. Walimzika kabla ya arobaini. Hata hivyo majirani waliendelea kumwita Najat Mama Jabiri, naye aliitika.

Bi Mwamvita alimvika Mfaume fulana, kofia na soksi kutoka kwenye sanduku, akamfunika blanketi la humo humo.

Mchana Najat alimpa mtoto ziwa. Mfaume alivuta kidogo, akaliacha, akalala. Najat akamkuna nyayo ili aamke. Hakuamka vizuri. Akamsogeza dirishani, akamfunua jicho. Jicho lilikuwa la manjano. Akambonyeza kifuani kwa kidole. Alipotoa kidole, ngozi ilibaki na rangi ya embe bivu. Nepi nayo ilikuwa na mkojo mweusi kama chai ya rangi.

Akapaza sauti. "Mama! Njoo umwone mtoto!"

Bi Mwamvita alikuja akifuta mikono kwenye khanga. Alitazama, akatazama tena.

"Manjano tu hayo. Watoto wengi wanapata. Tumtoe juani asubuhi."

"Jabiri naye tulimtoa juani, Mama."

Bi Mwamvita alimfunika mtoto vizuri. "Wewe mzazi, mwanangu. Hujatoka arobaini. Utatokaje nje na mwili mbichi?"

"Nitatoka hivi hivi. Huyu simngojei juani."

Alimpigia simu mumewe, Khalfani, fundi wa kuchomelea mageti. Khalfani alifika na bajaji, miwani ya kazi bado ipo kichwani. Wakapanda wote, Bi Mwamvita naye.

Hospitalini walipokelewa na muuguzi mmoja mrefu, Sista Demetria. Alimchukua Mfaume, akamfunua blanketi. Ghafla akarudisha uso nyuma.

"Nguo hizi zilikaa wapi?"

"Sandukuni," alisema Bi Mwamvita. "Nimezitunza mwenyewe. Zina naftalini, mende hawazigusi."

"Tumvue zote. Sasa hivi."

Alimvua mpaka soksi, akamfuta mafuta mwilini, akamfunika kwa shuka safi la wodini. Kisha akamkimbiza ndani kwa daktari. Damu ilipimwa. Majibu yaliporudi, daktari alisema kwamba damu ya mtoto inavunjika, na manjano yamepanda mno. Mtoto aliwekwa uchi chini ya taa za bluu, macho yamefunikwa kitambaa. Taa hazikutosha. Ikabidi wamtoe damu yake kidogo kidogo, huku wakimwingizia nyingine badala yake.

Najat alisimama nje ya kioo. Maziwa yalimtiririka, yakalowesha dera. Hakuwa na wa kumnyonyesha.

"Sista, atapona?" aliuliza.

"Tunapambana, mama. Siwezi kukudanganya. Manjano yakizidi yanaingia kwenye ubongo. Yanaweza kuua, au mtoto akabaki kiziwi. Mmemleta leo, hilo limesaidia."

Khalfani aligeukia ukuta.

Jioni Mfaume alikuwa bado chini ya taa. Sista Demetria akaja kukaa nao kwenye benchi.

"Sista, mie sielewi," alisema Khalfani. "Naftalini hakuimeza. Imemwingiaje?"

"Kwa kuvuta hewa, na kwa ngozi. Ngozi ya kichanga ni nyembamba. Na sumu ile inapenda mafuta. Ukimpaka mafuta halafu ukamvika nguo yenye naftalini, unairahisishia njia."

Bi Mwamvita alitazama viganja vyake.

"Mbona sie tunalala na harufu hiyo miaka yote na hatufi?" aliuliza.

"Kwa sababu ya ini, mama. Mwili unakutana na sumu kila siku. Moshi, dawa, hata chakula kina vitu visivyotakiwa. Ini ndilo linalozishughulikia. Wewe ukipika pilau, sufuria ina mafuta. Ukimwagia maji matupu, yanatoka?"

"Yatoke wapi! Mpaka sabuni."

"Basi na sumu nyingi ziko hivyo. Zimeng'ang'ania mafuta, maji hayaziondoi. Ini linazibadilisha, kisha linazifunga na kitu kingine, kama sukari ya mwilini. Zikishafungwa zinakubali maji, na sisi tunazikojoa."

"Kumbe!" alisema Khalfani.

"Lakini katikati ya kazi hiyo kuna hatari. Naftalini ikishabadilishwa na kabla haijafungwa, inakuwa kali kuliko ilivyoingia. Inashambulia chembe nyekundu za damu. Ini la mtu mzima linafunga haraka. Ini la kichanga bado halijakomaa, linafunga polepole. Sumu inabaki ikizunguka."

"Na manjano?" Najat aliuliza.

"Chembe za damu zikivunjika zinaacha uchafu wa manjano. Huo nao unalisubiri ini lile lile liufunge. Kazi inalizidi. Ndiyo maana jua la uani halitoshi."

"Mbona watoto wa mabinti zangu walizivaa wakakua?" alisema Bi Mwamvita. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Wapo watu ambao damu yao ina kinga dhidi ya sumu hiyo, na wapo waliozaliwa na kinga pungufu. Mfaume tutampima baadaye, ila daktari anahisi ni mmoja wa hao wa pungufu. Mtoto hurithi kwa mama yake, na hali hiyo huwapata zaidi wa kiume. Si kosa la mtu. Mama mwenyewe anaweza asijue maisha yake yote."

 Kisha Bi Mwamvita akasema, "Jabiri nilimvika hizo hizo."

Akamgeukia muuguzi.

"Niambie, Sista. Nimemuua mie?"

Sista Demetria alimshika mkono. "Sijui, mama. Hakupimwa. Manjano yana sababu nyingi. Sitakwambia ndiyo, wala sitakwambia hapana."

Najat alitaka kumkasirikia mkwewe. Hasira haikuja. Alimwona amejikunja kwenye benchi, mdogo kama mtoto, akasogea karibu yake. Wakalia wote wawili.

Mfaume alipona polepole. Siku aliyorudishwa kwa Najat, alinyonya mpaka akapaliwa. Baadaye kipimo kilionyesha kweli kinga ya damu yake ni pungufu. Sista Demetria aliwaelekeza: popote waendapo kutibiwa, waseme hali hiyo kabla mtoto hajapewa dawa yoyote, maana zipo dawa zinazovunja damu yake. Naftalini isikae tena ndani ya nyumba. Na kichanga akiwa wa manjano, akiacha kunyonya au akikojoa mkojo mweusi, apelekwe hospitali saa ile ile.

Khalfani alivitupa vidonge vyote. Nguo mpya za Mfaume zilifuliwa kwa sabuni, zikaanikwa juani, zikawekwa kwenye kikapu kikavu chenye kifuniko.

Miezi kadhaa baadaye walimrudisha kupimwa masikio. Mpimaji alitikisa njuga nyuma ya kichwa chake. Mfaume aligeuka, akatafuta sauti inatoka wapi. Najat akaangua kilio mbele za watu, Khalfani akicheka na kumfuta machozi kwa mkono.

Wiki hiyo hiyo Bi Mwamvita alikwenda kwa jirani yao Mwanahawa, aliyekuwa mjamzito. Alimkuta anakunja vinguo vya mtoto kwenye begi. Vidonge vyeupe vilikuwa juu ya meza.

"Usiviweke hivyo, mwanangu."

"Naftalini tu, Bi Mwamvita! Bibi zetu wote wametumia, na sie tupo."

"Nyie mpo. Mie nimezika." Akakaa kwenye kiti. "Sijui kama ndivyo vilivyomwondoa Jabiri wetu. Nitakufa sijui. Sitaki na wewe ukae na swali kama hilo."

Mwanahawa aliacha kukunja. Alivikusanya vidonge, akavipeleka nje. Aliporudi alilimwaga begi zima kitandani.

"Nisaidie, Mama," alisema. "Tuzifue zote."