Sinia la Pangoni Shanzu

Kamba mawe alikuwa hana kichwa. Mwanarehema aliinamia kioo cha kompyuta ya hoteli akakodoa macho. Asubuhi hiyo hiyo, kwenye kompyuta ya ofisi yake ndogo kule Kisauni, kamba huyo alikuwa mzima, mwekundu, masharubu yake yamelala juu ya pilau. Sasa shingo ilikuwa imekatika ovyo ovyo, na pale palipokatika palilowa ute wa kijivu kama kohozi.

"Uchafu gani huu?" akasema Kafedha, ofisa wa mauzo wa hoteli, akiziba pua bila kujua kwa nini anaiziba. "Shoga, hizi ndizo slaidi za kuwaonyesha mawakala wa Ulaya? Hii wakiiona si watatapika?"

"Tatizo si picha. Kompyuta yenu na yangu hazisomani. Nipe siku mbili nitaitengeneza, inshallah."

Hakudanganya. Kompyuta za miaka ile ya tisini zilikuwa na kiburi cha wake wenza. Ya hoteli ilikuwa ya aina yake, ile yenye kipanya cha kitufe kimoja, na ya Mwanarehema ilikuwa ya kabila jingine kabisa. Kila faili la slaidi lilipovuka kwa disketi kutoka huku kwenda kule, kuna kitu kiliharibika njiani. Herufi ziligeuka visanduku, bahari ikawa ya zambarau, mistari ikapandana. Hayo Mwanarehema aliyazoea na alijua kuyatibu. Lakini kompyuta kung'ata kichwa cha kamba na kuacha mate, hilo lilikuwa geni kwake.

Alirudi Kisauni akafungua faili lake la asili, lile ambalo halikusafiri. Kamba alikuwa na kichwa chake. Akashusha pumzi. Akatwaa disketi mpya, akaisafisha isiwe na virusi, akaibadilisha picha iwe ya aina inayosomeka kote kote, akaenda tena Shanzu. Safari hii kamba hakuwepo kabisa, na kuku wa kupaka aliyekuwa pembeni yake amebaki mifupa. Mifupa yenyewe ilikuwa imelambwa ikang'aa.

Akajaribu tena kwa toleo la zamani la programu. Samaki akaliwa. Akaikata picha vipande, kila kipande na disketi yake. Maembe yakaliwa, maganda yakatemwa pembeni mwa sinia yakiwa na alama za meno. Hapo ndipo alipoanza kuogopa, kwa sababu kila nakala aliianza upya kutoka kwenye faili zima, na kila nakala ilipovuka, mlaji aliendelea pale alipoishia. Alikuwa anakula kutoka mbele ya sinia kwenda nyuma. Na nyuma ya sinia, katika gauni la manjano, mikono yote miwili imeshika ukingo, meno nje kwa kicheko, alikaa Dhahabu.

Dhahabu alikuwa binti yake wa pekee, hajatimiza miaka mitano.

Ile picha walikuwa wameipiga wenyewe. Kafedha alitaka chakula cha pwani kionekane pwani, basi wakalibeba sinia kutoka jikoni mwa hoteli hadi kwenye majabali, mbele ya pango lililotazama maji. Gona, mpiga picha, alitaka jua liwe la utosini ili vivuli visiingie. Mdomoni mwa pango palikuwa na kitambaa chekundu kilichopauka kimefungwa kwenye jiwe. Gona akakifungua akakitupa, kwamba kinamharibia rangi. Chakula kilipoanza kukauka, Mwanarehema alitoa marashi ya waridi mkobani akakinyunyizia king'ae. Kilipopoa, Gona akaweka chetezo cha ubani nyuma ya sahani ili moshi uonekane kama mvuke. Kafedha naye akasema, "Mketishe mtoto pale nyuma, wazungu wanapenda watoto." Walipomaliza, nzi walikuwa wamekwisha kukivamia chakula, hakuna aliyekitaka. Wakakibeba chote wakakimwaga kwenye pipa la taka.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini Mwanarehema alikiona kile kitambaa na akanyamaza. Alikuwa mtoto wa Likoni, amelelewa na bibi aliyemkataza hata kufagia jua likiwa kichwani. Siku ile alitaka picha nzuri, basi. Mumewe Ishaka alikuwa melini, miezi hapatikani, na kazi ile ya hoteli ndiyo iliyompa heshima mbele ya wakwe waliodhani anacheza na televisheni.

Nakala zote ziliposhindikana, Kafedha alimwazima kompyuta ya mkononi ya hoteli aende nayo Kisauni, ili yake na ya hoteli zikae meza moja. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imemalizika, barabara ya Malindi imenyamaza kwa joto. Dhahabu alikuwa amelala mkekani nyuma ya kaunta. Mwanarehema akatoa disketi kwenye mashine yake, akaitia kwenye ya hoteli.

Disketi zote hukwaruza zikisomwa. Hii ilitafuna. Ilianza taratibu, kwa mlio wa mtu anayevunja mfupa mwembamba kwa magego, kisha ikaja sauti ya ulimi, chwa, chwa, ya mtu asiye na adabu anayekula mdomo wazi, na pamoja nayo harufu ya samaki wa juzi aliyeoshwa kwa marashi ya waridi, harufu tamu na mbovu kwa pamoja, iliyomwingia Mwanarehema puani ikashuka hadi kooni ikakaa pale kama tonge lililokataa kumezwa. Akabonyeza kitufe disketi itoke. Ilitoka nusu, imelowa mafuta mazito ya njano, na alipoivuta, vilitoka pamoja nayo vijidudu vyeupe, vinene, vinavyojikunja, vikaanguka juu ya vitufe vya herufi, vikaanza kupanda vidoleni mwake kimoja baada ya kingine bila haraka, na yeye akivipangusa vinapasuka, na kila kinachopasuka kinatoa maji yenye harufu ile ile ya waridi.

Akatapika kwenye ndoo ya takataka. Alipoinua kichwa, picha ilikuwa imefunguka. Sinia lilikuwa tupu, limelambwa. Dhahabu wa pichani alikuwa bado anacheka, lakini gauni lake la manjano lilikuwa limelowa mate kuanzia kifuani hadi magotini.

"Mama," akaita Dhahabu kutoka mkekani.

"Ee, mwanangu."

"Mwambie aache kunilamba."

Mwanarehema alimrukia akamnyanyua. Mtoto alikuwa amelowa kifua na tumbo, kitu chenye utelezi kinavutika kama bamia. Alipofungua kinywa kulia, pumzi yake ilinuka jaa la sokoni.

Siku hiyo hiyo walivuka kwa feri kwenda Likoni kwa Bi Mwanasaumu, fundi wa kupunga majini aliyewahi kumtibu hata bibi yake Mwanarehema. Alikuwa mama mnene, mkali, aliyetafuna tambuu na kutema kwenye kopo bila kuomba radhi. Gona na Kafedha walifuatana nao.

"Shikamoo, bibi," wakasema.

"Marahaba. Mketishe mbali kidogo huyo mtoto, ananuka kinywa cha mtu." Akamnusa Dhahabu utosini, uso ukamkunjamana. "Haya, nambieni. Mulifanyani?"

Mwanarehema akaeleza. Bi Mwanasaumu hakujua kompyuta ni nini wala hakuuliza. Alisikiliza hadi kwenye pango, akainua mkono.

"Jua lilikuwa la utosi?"

"Ndiyo, bibi."

"Marashi mulinyunyiza? Ubani mulifukiza?"

"Ulikuwa wa kutoa moshi tu," akanong'ona Gona.

"Kitambaa chake mukakitupa. Na chakula hakikuliwa na mtu, wala hakuna aliyesema bismillahi?"

"Hakuna, bibi," akasema Kafedha. "Tulikimwaga pipani."

"Basi nyinyi hamukupiga picha. Mulimwandalia jini chano, sinia lake khasa, wala hata mimi silipangi vizuri hivyo. Mukamwita. Akaja, akanawa, akakaa. Halafu mukamwondolea chakula, mukamwachia picha!" Akatema mate mekundu koponi. "Sasa yuwala picha. Kila munapomfungulia mlango, yuwala. Na picha haishibishi."

"Na mtoto?" Mwanarehema akauliza. "Mtoto yumo kwa nini?"

"Nani alomketisha sinia moja na nyama?"

Kafedha akaanza kulia. Mwanarehema hakulia. Alimchukia Kafedha, akajichukia zaidi mwenyewe.

"Watu husema zimwi likujualo halikuli likakwisha," akasema Bi Mwanasaumu, sasa kwa upole. "Hili halikujui, mwanangu. Tufanye haraka. Na hizo picha zote, popote zilipo, zichomwe. Isibaki hata moja ya kumfungulia mlango."

Kesho yake jua lilipokuwa kichwani walikuwa mbele ya pango. Gona alifunga kitambaa kipya chekundu kwenye jiwe. Wakaliweka sinia kamili, kamba, kuku wa kupaka, samaki, maembe, pilau, na nyuma yake mtoto wa matambara aliyeshonwa usiku kucha, amevishwa lile gauni la manjano na kujazwa nywele za Dhahabu zilizonyolewa. Bi Mwanasaumu akafukiza ubani, akanyunyiza marashi, akasema kwa sauti ya mtu anayemkaribisha mgeni asiyempenda:

"Chakula chako hichi, kula. Mtoto wako ni huyu wa matambara. Yule wa nyama ana wenyewe."

Wakaligeuzia pango mgongo kama walivyoamrishwa. Nyuma yao mifupa ikaanza kuvunjika. Ilivunjika kwa muda mrefu, na ulimi ukalamba, na kitambaa kikachanika, na pumzi nzito ikapita kati yao ikiwalowesha visogo, na mwisho kabisa kile kitu kikacheua, mcheuo mrefu, wa mvua, wenye joto, ulionuka kila mzoga uliowahi kutupwa na maji ufukoni, hata Bi Mwanasaumu mwenyewe akaziba kinywa kwa leso. Dhahabu alijikunja mikononi mwa mama yake akatapika. Alitapika magamba ya samaki na ute wa kijivu, na mwishowe sharubu refu la kamba, ambalo Mwanarehema alilazimika kulivuta kwa vidole vyake, likatoka polepole kooni mwa mwanawe, wala halikuonekana kuwa na mwisho.

Lilipokwisha kutoka, mtoto akasema ana kiu. Pumzi yake ilinuka maziwa.

Walichoma filamu za Gona na disketi zote za Kisauni. Disketi ziliungua kwa harufu ya nyama iliyoharibika. Mwanarehema alifuta kompyuta yake yote, akaifuta na ile ya mkononi, akaenda Shanzu akaifuta ya hoteli mwenyewe huku Kafedha akimshikia kiti. Usiku ule Dhahabu alikula sahani mbili za wali, na mama yake akaketi akimtazama tu, anacheka peke yake kama mwehu.

Siku chache baadaye, asubuhi, simu ya ofisi ililia. Dhahabu alikuwa mkekani nyuma ya kaunta na sahani ya mbaazi na mahamri. Aliyepiga alikuwa Kafedha, na sauti yake ilikuwa ya chini mno.

"Shoga, sijui nikwambieje. Imekuja faksi kutoka kwa wakala wa Milano. Anasema slaidi ni nzuri, lakini..."

"Slaidi gani? Si tulizifuta zote?"

"Ile siku ya kwanza, ulipoondoka, muda ulikuwa umenibana. Nikaona kichwa cha kamba si hoja. Nikazinakili kwenye disketi nikazitia posta. Wallahi nilisahau, hadi leo."

Mwanarehema alishika ukingo wa meza. "Anasema lakini nini?"

"Anauliza kwa nini tumemweka mtoto mwenye mkono mmoja kwenye picha ya chakula. Anasema wateja wataona huruma badala ya njaa." Kafedha akavuta makamasi. "Nimempigia hapo hapo asifungue tena. Lakini wengine siwapati. Ziko kila mahali, shoga, London, Zurich, Munich, na kila mmoja ana kompyuta yake. Ndiyo kwanza wanaamka huko."

Simu ilibaki ikining'inia kwa waya wake. Mwanarehema aligeuka. Dhahabu alikuwa ameinamia sahani, anachovya hamri kwenye mbaazi na kula kwa furaha. Alikuwa anakula kwa mkono wa kushoto.

"Dhahabu," akasema kwa upole, maana hakutaka kumshtua. "Hatuli kwa mkono wa kushoto, mama. Ni uchafu. Kula kwa wa kulia."

"Huu hautaki," akajibu mtoto. "Umelala."

Mwanarehema akapiga magoti mkekani akauinua ule mkono. Ulikuwa mzito na baridi, na vidole vilibonyea kama embe lililopitiliza. Akausogeza puani. Harufu ya waridi ilimpanda hadi utosini, na chini yake ile nyingine, na kabla hajajizuia aliuachia mkono wa mwanawe ukaanguka, akajifuta vidole kwenye buibui. Dhahabu alikuwa anamtazama.